Isipopatikana, Endelea

Mimi ni mtu wa kinyaa. Nalisema mapema ili msomaji ajue amekaa na nani. Nyumbani walinizoea: kikombe changu peke yangu, kijiko changu peke yangu, na shangazi akitaka kunifuta uso kwa ncha ya khanga aliyoilowesha mate, nilikuwa nakimbilia nyuma ya banda la kuku na kubaki huko mpaka asahau. Sijawahi kuona aibu kwa hilo. Uchafu unanichukiza, na mtu anayedai haumchukizi nadhani hajauangalia vizuri.

Kwa hiyo miaka ile Warundi walipokuwa wakishuka Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani, kwa maelfu, nami nikatolewa Dodoma kwenda Kigoma kufanya kazi ya kompyuta kwenye shirika moja la kuhudumia wakimbizi, nilifunga chupa za spiriti sandukuni kabla ya nguo. Nilipanga chumba Kasingirima. Ofisi yetu ilikuwa ghala la zamani karibu na uwanja wa mpira, ambako watu walioletwa na meli kutoka Kagunga walikuwa wanalala wakisubiri mabasi ya kwenda kambini. Kuta za ghala zilikuwa zimekunywa harufu ya dagaa kwa miaka mingi. Jua likikaza, harufu ile ilikuwa inatoka ukutani na kuja kukaa nasi mezani.

Hayo niliyavumilia. Dagaa ni chakula, hata wakioza. Aliyenishinda ni mkuu wa kitengo chetu.

Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, mwenye vyeti vyake, na ndiye aliyeiandika programu tuliyoitumia kuandikisha watu na kuwatafuta waliopotezana. Alikuwa akila samaki, mgebuka wa mawese, palepale mezani, kwa mkono, huku mkono uleule ukibonyeza kompyuta. Herufi za kibodi yake zilikuwa zimefutika, na juu yake kulikuwa na utando wa njano ulionata. Akimaliza kula alichokonoa meno kwa njiti, akaitazama njiti kuona imetoka na nini, kisha akairudisha mdomoni. Na akija kunielekeza jambo, ilikuwa lazima aiguse skrini yangu kwa kidole. Nikishika chupa ya spiriti, anacheka.

"Wewe dada, utaolewa na nani? Maana hata mume itabidi umfute kwanza."

"Akija wa kufutika nitamfuta," nilimjibu. Hakupenda, na mimi sikujali.

Sasa inabidi nieleze kidogo kazi yenyewe, maana kisa kiko humo. Programu haiandikwi ikaanza kazi hapohapo. Mtu anaiandika kwa lugha ya programu, kitu ambacho binadamu aliyesomea anaweza kukisoma. Kisha kuna chombo kingine ndani ya kompyuta ambacho kazi yake ni kukusanya vipande vyote, kuvitafsiri viwe kitu kinachoeleweka na mashine, na kuvifunga furushi moja la kuweka kwenye vishikwambi. Sisi tulikiita chombo cha kujengea. Hakina akili zake. Kinafuata faili la mipangilio, ambalo linakiambia kitafute folda gani, kitafsiri lugha gani, kianze na kipi na kimalizie na kipi. Folda ambayo haikutajwa humo kinaipita kama mtu anavyopita mlango wa jirani asiyemjua.

Programu ya mkuu ilikuwa ya lugha moja, Java. Lakini ndani yake kulikuwa na kipande kimoja cha lugha nyingine, Scala, na hicho kiliandikwa na kijana niliyemkuta pale ofisini.

Kijana huyo alizaliwa Kigoma. Wazazi wake walikuwa Warundi waliokuja zamani, wakakaa, wakapata uraia. Alikuwa na shahada mbili na hakuzipa nafasi ya kupumzika. Angalau alikuwa msafi, mashati yake yamenyooka tangu asubuhi mpaka jioni, ndiyo maana nilikaa upande wake wa meza. Lakini maringo yake yalikuwa yanachefua kwa namna yake. Java aliiita lugha ya wastaafu. Aliandika kwa Scala kwa sababu hakuna mwingine pale aliyeijua, na alihakikisha kila mmoja wetu anajua kwamba haijui.

Pamoja na hayo, kipande chake kilikuwa kizuri. Kwetu sisi tuliotoka mikoa mingine, mtoto anabeba jina la baba, na mkuu aliiandika programu yake kwa kufuata hivyo: ukimtafuta mtoto unaweka jina lake na la baba yake, yakioana amepatikana, yasipooana hayupo. Kwa Warundi mambo hayaendi hivyo. Kila mtoto ana majina yake mwenyewe. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kusimama mbele yako, usione jina hata moja linalowaunganisha. Lakini majina yao yanasema mambo mengine. Mapacha wana majina yao maalumu, la mkubwa na la mdogo, ni yaleyale katika kila nyumba. Na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha naye ana lake. Waha wa Kigoma nao wanafanya hivyohivyo.

"Ukipata mtoto mwenye jina la kufuata mapacha," kijana alikuwa akituambia wakati wa chai, tukitaka tusitake, huku akizungusha kikombe chake cha kahawa ya Kalinzi, "achana na habari za baba. Tafuta mama mwenye mapacha. Kipande changu kinalijua hilo. Kinaangalia na kilima walichotoka, yaani kijiji chao, na umri. Nyie na majina yenu ya ukoo mtatafuta mpaka mzeeke."

Tulimchoka. Akapata kazi Arusha yenye mshahara mnono, akaenda zake, akatuachia folda yake na neno moja: kila kitu kimo humo. Mkuu akakijenga upya kifurushi, akaona maandishi ya kijani yanayosema kazi imefaulu, akakiweka kwenye vishikwambi vyote. Mimi wakati huo nilikuwa nashughulika na mitandao na nyaya, nikiua panya waliokuwa wanazitafuna.

Baada ya hapo ndipo alipokuja yule mama.

Alikuja na ndoo kichwani na mapacha wawili wa kiume wakiwa wameshika kitenge chake, mmoja kila upande, watoto wa kama miaka mitano. Alieleza shida yake taratibu. Kule Kagunga meli ilikuwa inasimama mbali na ufuko na watu wanaifuata kwa mitumbwi. Siku aliyoondoka palikuwa na msukumano. Mapacha aliwashika yeye. Mdogo wao, msichana ambaye ndiyo kwanza anaanza kusema vizuri, alibebwa mgongoni na jirani yake. Mtumbwi wa jirani ukatangulia, meli ikajaa, ikaondoka. Yeye akafika Kigoma kwa safari iliyofuata na kuambiwa kwamba jirani alishushwa akiwa hoi kwa kuhara, akakimbizwa kwenye mahema ya wagonjwa, akafia huko. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, hakuna aliyejua alishuka na nani.

"Umwana wanje anajua jina lake," alisema. "Ukimuuliza anasema. Ni mudogo, hawezi kuwa ameenda mbali."

Mwandikishaji wa dawati la kutafuta akaandika jina la mtoto, akauliza la baba, akaliandika. Kishikwambi kikajibu: Hakuna.

"Mama, hayupo," akamwambia.

Kesho yake akarudi. Na siku iliyofuata. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza pale mbele, na kila asubuhi aliambiwa hayupo. Mabasi ya kwenda kambini yalikuwa yanajaa na kuondoka, naye anagoma kupanda. Aliijua hesabu yake. Watoto waliokutwa peke yao walikuwa wamewekwa kwenye nyumba za malezi, Ujiji na kwingineko, wakisubiri kugawiwa kwa familia za kulelea katika kambi mbalimbali, popote penye nafasi. Akipanda basi bila binti yake, mtoto ambaye hajui hata kutaja kilima cha kwao angekulia kwenye nyumba ya watu wengine, na baada ya mwaka asingekumbuka kwamba aliwahi kuwa na mama mwingine. Msimamizi wa mabasi alishaanza kumfokea. Mwisho akamwambia kwamba basi la Jumatatu ni lake, apende asipende, maana mkeka anaoulalia unahitajika.

Ijumaa ya wiki ile mwandikishaji aliugua, nikakaa mimi kwenye dawati. Mama akaja. Pacha mmoja alikuwa na mafua mazito. Mama akambana pua kwa vidole viwili, akavuta, akatupa kamasi chini kando ya kiti changu, akajipangusa vidole kwenye mguu wa meza. Halafu akaninyooshea mkono wa kunisalimia, mkono wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko cha kulia kwa heshima, vidole bado vinang'aa. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukarudi.

Sikujuta. Ila kwa kuukwepa ule mkono niliinama, na nilipoinama nikawa uso kwa uso na wale watoto, na mama akawa anawakemea kwa majina wasinisogelee. Nikayasikia majina. Nilikuwa nayajua. Nilishayasikia kwenye chai mpaka yakanitoka masikioni.

"Mdogo wao anaitwa nani?" nikauliza.

Akalitaja. Lilikuwa ni hilohilo la anayefuata mapacha.

Nikaliandika mwenyewe kwenye kishikwambi. Kama kipande cha yule mtu wa maringo kingekuwa kinafanya kazi, kingeleta angalau watoto kadhaa wa kwenda kuangaliwa. Likaja neno lilelile moja: Hakuna. Nikajaribu kuweka jina la mtoto peke yake, programu ikagoma, ikataka la baba. Kumbukumbu zenyewe zilikuwa kwenye seva Dar es Salaam, na nywila ya kuingia huko alikuwa nayo mkuu tu. Nikamwambia mama aende akapumzike, nitaangalia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa maneno hayo na wengi.

Nilirudi kwenye kompyuta yangu na kufungua lile furushi lililowekwa kwenye vishikwambi, nione kilichomo. Kipande cha Scala hakikuwemo. Hata kivuli chake.

Nikafungua faili la mipangilio. Sijui nieleze vipi hali niliyoikuta. Mkuu hakuliandika, alilihamisha zima kutoka kazi nyingine aliyowahi kuwafanyia watu wa hoteli. Mle ndani, katika programu ya kutafuta watoto waliopotea, bado kulikuwa na folda za vyumba, za kifungua kinywa, za kufulia mashuka. Ilikuwa kama kukuta unywele wa mtu mwingine kwenye ugali, ukiuvuta unakuja na mwingine. Na kati ya mistari yote ile hakuna hata mmoja uliokiambia chombo cha kujengea kwamba kuna folda ya lugha ya pili. Chombo kilikuwa kinaokota Java, kinaiacha Scala pale ilipo, kinafunga furushi na kutangaza kwa kijani kwamba kazi imefaulu.

Hata hivyo programu ilipaswa kulalamika pale inapokihitaji kipande kile na kukikosa. Kwa nini haikulalamika? Nikatafuta sehemu inayokiita, nikaikuta. Mkuu alikuwa ameandika pale maelezo kwa Kiswahili, kwa ajili ya atakayesoma baadaye: "Isipopatikana, endelea." Programu ikikosa ile akili ya kutafuta ndugu, isiseme kitu, iendelee na majina ya baba.

Niliyasoma maneno yale mara kadhaa. Roho ilinichafuka kuliko ilivyonichafuka kwa lile kamasi. Kamasi lina sababu, mtoto ana mafua. Hili lilikuwa limeandikwa na mtu mzima aliyeshiba, kwenye kiti kizuri, ili asisumbuliwe.

Nilimpigia kijana wa Arusha. Akasikiliza, akasema, "Mbona kwangu ilikuwa inafanya kazi?"

"Kwako wapi?"

"Kwenye laptopu yangu. Niliipangia mwenyewe."

"Na hiyo mipangilio uliiacha ofisini?"

Akajibu: "Hilo ni jambo dogo, dada. Mtu yeyote anayejua kazi angeona."

Nikakata simu nikaifuta na sikio.

Mkuu nilimkuta anakula. Nikamweleza. Alisikiliza huku akitoa mwiba kwenye fizi.

"Ni kijani au si kijani?" akauliza.

"Ni kijani, lakini..."

"Basi. Jumatatu mchana tuna wageni wa nje, wanaotoa hela. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi mbele ya wageni. Wakiondoka utachezea utakavyo."

"Jumatatu asubuhi kuna mama anapakiwa kwenye basi. Basi niingizie wewe nywila, nimtafute moja kwa moja kwenye kumbukumbu."

"Ni mmoja tu?" Aliuliza kweli, si kwa dhihaka, kama mtu anayetaka kujua uzito wa mzigo. "Angekuwemo, programu ingemleta." Akaondoa sahani, na pale ilipokuwa pakabaki duara la mawese juu ya meza.

Nilitoka nje. Nilisimama kando ya ukuta unaonuka dagaa nikaona nafuu.

Jumapili mkuu alikwenda ziwani kuogelea na marafiki zake. Mimi nikaenda ofisini. Nilimlipia mlinzi petroli ya jenereta, nikaifuta meza, kibodi, kiti na kitasa cha mlango, nikaketi. Kwanza nilifuta hoteli. Vyumba vikaenda, mashuka yakaenda, kifungua kinywa kikaenda, na kila mstari uliotoka niliona kama nimekata kucha. Kisha nikaandika kwamba kuna folda ya pili na lugha yake ni hii, na kwamba kitahitajika kitafsiri cha lugha hiyo. Kitafsiri chenyewe ilibidi kipakuliwe kwenye mtandao, na mtandao wa Kigoma siku ile ulikuwa unadondosha kama bomba lililoziba. Nikangoja. Nikaufuta na mguu wa meza.

Kilipofika, nikajenga. Yakaja maandishi mekundu, skrini nzima. Chombo kilikuwa kimeanza na Scala, na Scala inategemea vipande vya Java ambavyo bado havijatafsiriwa. Nilipaswa kukiambia kianze na Java ndipo kifuate Scala. Lakini sikuudhika. Nyekundu ile ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye kompyuta ile tangu nifike, na ilikuwa inasema kweli: hapa kuna kitu hakipo. Nikapanga upya ule utaratibu. Halafu nikaenda kwenye maneno ya mkuu, "Isipopatikana, endelea," nikayafuta pamoja na mstari wake, nikaandika kwamba isipopatikana, simama na useme.

Nikajenga tena. Kijani. Nikafungua furushi nikahakikisha kwa macho, kwa sababu kijani cha ofisi ile nilikuwa sikiamini tena. Kipande kilikuwemo.

Jumatatu nilifika kabla ya mwandikishaji, nikaweka programu mpya kwenye kishikwambi cha dawati. Basi lilikuwa limeshawasha injini, linatoa moshi mweusi juu ya watu waliokaa chini kusubiri majina. Mama alikuwa mbele pale pale, ila safari hii msimamizi amemshika mkono, ndoo na mkeka vimeshapakiwa. Nikaandika jina la mtoto. Nikaandika umri. Nikaandika kwamba mama ana mapacha.

Ikaja picha. Msichana mwenye paji pana la uso kama la mapacha, amekunja midomo. Nyumba ya malezi, Ujiji. Palipoandikwa baba kulikuwa na jina la mtu ambaye mama hakuwahi kumtaja. Baadaye tulijua ilivyotokea: mwandikishaji wa bandarini, mtu wa mikoa ya kwetu, alimuuliza mtoto jina la baba, mtoto akanyamaza, mwanamume aliyekuwa nyuma yao kwenye foleni akadhani anaulizwa yeye, akajibu. Likaandikwa.

Utaratibu ulikuwa kwamba mzazi haambiwi mpaka watu wa kitengo cha watoto wathibitishe, maana wapo waliowahi kupewa matumaini ya uongo. Utaratibu huo niliuheshimu, ni wa maana. Lakini basi halikuwa na utaratibu.

"Mama, usipande," nilimwambia.

"Ana amri ya kupanda," msimamizi akasema.

"Mshushie vitu vyake."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya kwangu. Ukitaka kumpakia, nipakie na mimi, na nitakuwa nakutapikia njia nzima, maana moshi wako umeshanianza." Nadhani aliona usoni kwangu kwamba sitanii. Ndoo ikashushwa, mkeka ukashushwa. Alikaa chini na watoto wake, akayatazama macho yangu, akayaacha.

Nikapeleka habari kwa mkuu na kwa watu wa watoto. Nilitegemea mkuu agombe kwa kugusa nisichotakiwa. Hakugomba. Alitazama picha ya mtoto, akatazama saa, akatabasamu. Kuanzia pale nilipaswa kujua.

"Wanathibitisha," alikuwa ananijibu kila nilipouliza. Saa nne, wanathibitisha. Saa sita, wanathibitisha. Mama alikuwa amekaa nje ya ukuta wa ofisi, kwenye kijikivuli kinachopungua, anawagawia mapacha uji uliopoa.

Alasiri wageni wakaja. Walikuwa wamewekewa turubai, viti na soda. Mkuu alivaa koti. Akawaonyesha vishikwambi, akawaonyesha kijani, akaeleza kwa Kiingereza jinsi programu yake ilivyo na akili ya kujua mila za Warundi mpaka majina ya mapacha, kana kwamba alinyonya hayo kwa mama yake. Kisha akapiga makofi, mlango wa ofisi yake ukafunguliwa, na mtoto akatolewa. Walikuwa wamemvalisha gauni jipya lenye malinda na viatu vilivyomzidi. Ameshika biskuti iliyolowa.

Nilimfuata dereva wetu. "Amefika saa ngapi huyu?"

"Si nimemleta tangu saa tatu asubuhi, dada. Walishamaliza kuthibitisha. Bosi akasema akae ofisini kwake, wageni bado."

Tangu saa tatu. Ukuta mmoja wa ghala ulikuwa kati yao, mama upande huu na binti upande ule, kwenye chumba kile chenye njiti za meno, ili picha zipate mwanga mzuri. Nimeona vyoo vya turubai vya uwanja ule baada ya mvua. Nimeona nzi wa Kagunga. Sijawahi kuchukizwa na kitu kama nilivyochukizwa na yule mtu siku ile, na naandika haya miaka mingi baadaye, bado ladha iko kooni.

Mama aliitwa. Alikuja hapohapo bila kukimbia, mapacha nyuma yake. Alipomwona mtoto alisimama. Mtoto naye alisimama. Kamera zilikuwa zinabofya. Kisha mama akamgeukia mkuu, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko siku zote:

"Na jana, ile mashine ilikuwa inamtafuta wapi?"

Mkuu akawageukia wageni, akawaambia kwa Kiingereza, "Anasema asanteni sana."

"Hakusema hivyo," nikasema, kwa Kiingereza pia, na kwa sauti. "Ameuliza jana mashine ilikuwa inamtafuta wapi. Mtoto alikuwa Ujiji muda wote. Na leo yuko nyuma ya ule mlango tangu asubuhi."

Mgeni mmoja mwanamke akaweka soda yake chini. Mkataba wangu haukuongezwa mwisho wa mwezi, na hilo nilikuwa nalijua kabla sijafunga mdomo.

Lakini mama hakuwa akitusikiliza tena. Alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yake. Mtoto alikuwa na mafua, pua zimeziba kabisa, anahemea mdomo. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, akaweka mdomo wake juu ya pua ya mtoto, akanyonya. Akageuka akatema majanini, karibu na viatu vya wageni. Akanyonya tena, akatema tena. Kamera zikashuka moja baada ya nyingine. Wageni wakatazama ziwani, mkuu akatazama koti lake, na mwandikishaji akajiziba mdomo.

Mimi nilitazama mpaka mwisho. Mtoto alivuta pumzi kwa pua, ndefu, akashtuka mwenyewe, kisha akaanza kulia na kumpiga mama yake kifuani kwa mkono wenye biskuti.

Mama akainuka naye. Alipofika kwangu akahamishia mtoto ubavuni, akajipangusa midomo kwa kiganja, akaninyooshea kiganja hichohicho, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Chupa ya spiriti ilikuwa kwenye mkoba, begani kwangu. Niliupokea mkono kwa mikono yangu yote miwili. Ulikuwa umelowa, na niliushika mpaka yeye alipouachia.